Nyoka wa Nne na Siki ya Noreen

Jumapili, 6 Oktoba

Afadhali, sikuwa wa mwisho. Jana kwenye mashindano ya klabu yetu ya kulenga shabaha nimeshika nafasi ya kumi na nne kati ya watu kumi na watano. Wa kumi na tano ni Floyd, aliyeondoka katikati kwenda kung'olewa jino. Nafasi ni nafasi.

Wa kwanza Harlan Pruett. Tena. Klabuni anaitwa Mchungaji Kimya, maana kila mmoja wetu lazima awe na jina la enzi zile za ng'ombe na farasi, na jina likishachukuliwa halirudiwi. Mimi nilitaka Nyoka. Lilikuwa na mwenyewe. Nyoka wa Pili na wa Tatu vilevile. Ndiyo maana mimi, Delbert Stuckey, fundi mstaafu wa mabwawa ya kuogelea, ni Nyoka wa Nne. Yule wa kwanza alifariki mwaka juzi, lakini Geneva, mwenyekiti wetu, amekataa kunipandisha. Ati hii siyo foleni ya benki.

Jumamosi ijayo tunachagua marshali wa klabu. Beji ya shaba, kofia nyekundu, na mamlaka ya kusimama kwenye meza ya kujazia risasi kuhakikisha kila mtu ametia risasi tano tu kwenye matundu sita ya bastola, nyundo ikalie tundu tupu. Naitaka beji hiyo kuliko ninavyotaka goti langu lipone. Wagombea tuko wawili. Mimi na Harlan.

Kikwazo ni sura ya bastola yangu. Mimi na Harlan tuna bastola pacha, nakala za Kitaliano za ile bastola ya mwaka 1873, ambayo huwezi kufyatua mpaka uvute nyundo kwa kidole gumba, risasi moja moja. Kiwanda kimoja, mtutu urefu uleule, mpini uleule wa mti wa jozi. Zote mbili zinang'aa kama masufuria ya bibi harusi. Nani atampa beji mtu mwenye bastola ya namna hiyo? Marshali anatakiwa awe na kitu kilichochubuka, kilichopigwa jua, kilichoona mambo.

Basi nitaizeesha. Wiki moja inatosha.

Nimeitoa mkobani leo mchana nikaivuta nyundo mara kadhaa. Imelainika ajabu, inateleza kama siagi. Ndiyo faida ya mazoezi. Noreen, mke wangu, akaniuliza kama nina hakika ni yangu, maana jana alipokuja kunichukua alizikuta zimelazwa zote kwenye meza ya kutolea risasi kama soseji kikaangoni. Nimemwambia bastola yangu naijua hata nikifumbwa macho.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siki! Jambo rahisi namna hii, na watu wanawalipa mafundi. Unaizamisha, ile rangi ya buluu ya kiwandani inaliwa yote, chuma kinabaki kijivu kama wingu la mvua. Noreen alikuwa na dumu zima jikoni kwa ajili ya achari ya matango ya mnada wa kanisa. Nimeliazima.

Kwanza nimeifungua. Mpini wa bastola hizi ni kipande kimoja, hautoki mpaka ulegeze chuma cha mgongoni. Ndani ya mpini kuna maandishi ya penseli, hafifu. Sikuwa na miwani. Bila shaka fundi fulani wa Kitaliano ameandika anachotaka kula mchana. Nimeutupa kwenye droo ya skrubu. Nina mpini mpya wa pembe ya kulungu, nimeuchonga mwenyewe mwezi mzima, na ukiacha sehemu aliyotafuna mbwa wa jirani ni kazi ya kisanii.

Bastola nimeizamisha kwenye ile trei kubwa ya kuchomea bata mzinga. Baada ya hapo chumvi. Baada ya chumvi, kahawa kali, kusugua kwa mikono miwili, na taulo ambalo baadaye niligundua ni la wageni.

Noreen aliuliza siki yake imekwenda wapi. Nikamwambia hewa ya Arizona ni kavu, vitu vinakauka. Akasema amezaliwa Arizona, mama yake amezaliwa Arizona, na dumu lenye mfuniko halijawahi kukauka katika ukoo wao. Nimemuahidi kununua lingine. Ameridhika, au amechoka. Vyovyote vile, nimeshusha pumzi.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jimbo hili. Bastola imetoka kahawia, ina mabaka, ina makovu kwenye silinda, utadhani ilizikwa na mwenyewe ikafukuliwa na mbweha. Nikaiweka kwenye dirisha la karakana nikaitazama nikinywa kahawa iliyobaki.

Halafu mpini wa pembe ukakataa kukaa. Unacheza kama jino la Floyd. Nikaenda kuutafuta ule wa jozi ili nipime upana. Safari hii nilikuwa na miwani.

Maandishi ni haya: "Taratibu, H. Wako, V."

Nikajiuliza ni Mtaliano gani huyu anaitwa H. Nikawaza kwa muda. Kisha nikakaa juu ya ndoo.

H ni Harlan. V ni Verna.

Nikatoa karatasi ya dukani iliyo ndani ya boksi la bastola yangu, nikalinganisha namba. Hazilingani hata kidogo. Bastola yangu iko kwa Harlan Pruett, inang'aa. Ya Harlan iko kwangu, na nimeichemsha kama kabeji.

Verna alikuwa mke wake. Alimpa bastola hii mwaka wa mwisho kabla hajaugua, akampelekea fundi mzuri wa Tucson ailainishe nyundo, maana Harlan ana ugonjwa wa viungo kwenye kidole gumba. Klabu nzima inajua habari hiyo. Verna amekufa, sasa ni kipupwe cha pili. Harlan huifuta bastola ile kwa kitambaa cha hariri, haiweki juu ya mbao bila kutandika kitu. Na Verna alikuwa mtu mwema. Aliwahi kunicheka nilipokosa shabaha, sahani ya chuma yenye upana wa mlango, lakini alinicheka kwa upendo.

Tena iko kanuni ya kwanza ya klabu. Huigusi bastola ya mwenzako bila ruhusa. Yule aliyekuwa akiitwa Sherifu wa Jumapili alifukuzwa kwa kupuliza vumbi tu kwenye silinda ya mtu. Alipuliza. Mimi nimetia chumvi.

Nikigundulika, siyo beji tu iliyokwenda. Nimekwenda mimi. Na sina mahali pengine ninapoitwa Nyoka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimenunua dawa ya kurudishia buluu, ya kupaka na kufuta. Nimepaka. Nimefuta. Imekuwa zambarau, zambarau kabisa, kama biringanya.

Nikajaribu rangi nyeusi ya jiko juu ya zambarau. Ikawa kama biringanya iliyoungua. Kwa bahati rangi zote zilitoka kwa siki, ile iliyobaki chini ya dumu, na kahawia ikarudi. Sikuwahi kufikiri ningefurahi kuona kutu namna hii.

Jioni Geneva akapiga simu. Yeye ni mjane wa miaka sabini na moja, klabuni anaitwa Mama Baruti, na anaongea kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya korongo. Akasema, wee Nyoka, umesikia ya Mchungaji? Ati Harlan alikwenda uwanjani asubuhi kujinoa na hakuangusha sahani hata moja. Nyundo ngumu, kidole kinauma, risasi zinakwenda zinakotaka. Ati amesema bastola imemgeuka, haimjui tena, na huenda Jumamosi ikawa mara yake ya mwisho kuja. Basi beji ni yako, Geneva akasema, hata mimi sifurahi lakini ndivyo ilivyo.

Nilifurahi kwa muda wa kula skonzi moja ya mchuzi. Ya pili nilimpa mbwa wa jirani. Mzee wa watu anadhani mkono umemfia, kumbe ameshika mkebe wangu. Niliona haya. Naandika hapa maana hakuna mwingine wa kumwambia, na Noreen bado anatafuta taulo la wageni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeamua kusema ukweli. Mwanamume ni kusimama na kusema.

Nimeendesha hadi kwa Harlan nikifanya mazoezi garini. Nilikuwa na hotuba nzuri. Ilianza na neno "Ndugu". Harlan akatoka barazani, akanikaribisha kwa maji baridi ya limau, akakata pai ya njugu za pikani akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Ukutani kofia ya Verna imetundikwa, ile yenye unyoya wa kware. Nikaitazama kofia. Kofia ikanitazama. Nikafungua kinywa nikasema nimekuja kuazima ngazi.

Harlan haulizi maswali. Alikwenda akaileta.

Nimerudi na ngazi. Tunayo ngazi. Sasa tunazo mbili. Noreen aliniona nikiishusha akauliza tunapanda wapi. Nikamwambia mbele ni mbele. Sijui nilimaanisha nini, lakini aliingia ndani, nikapumua.

Kabla sijaondoka Harlan aliniuliza jambo moja tu. Kama bastola yangu iko sawa tangu Jumamosi. Nikamwambia haijawahi kuwa sawa kama sasa. Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu, akasema vizuri, basi tutaonana.

Ninadhani hakushuku kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mpango mpya, na huu ni wa uhakika.

Kesho kwenye meza ya kutolea risasi, Harlan atakapojifuta jasho, nailaza yake mbele yake na kuchukua yangu. Kufumba na kufumbua. Akiuliza imekuwaje kahawia, nitashangaa naye. Nitasema ni unyevu. Arizona hakuna unyevu, hilo nitalifikiria njiani.

Nimeurudisha mpini wa Verna. Ule wa pembe ungependeza zaidi machoni pa wapiga kura, ukiacha alipotafuna mbwa. Lakini kila nilipoutazama ule wa jozi niliona ile "Taratibu" ya penseli, herufi za mtu aliyeandika akiegemea meza ya jikoni. Nilikuwa nimeshika kitambaa chenye siki, ningeweza kuufuta ndani pia, ushahidi ukaisha. Sikuweza. Nimefuta nje tu, kwa mafuta kidogo, nikaufunga mahali pake. Umekaa barabara, kama kidole kwenye glavu.

Ukitaka kujua, ni bastola nzuri ajabu. Nyundo inanong'ona. Nilipaswa kujua ile Jumapili kwamba kitu hiki hakiwezi kuwa changu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mungu mkubwa. Naandika nikiwa nimelala chali, goti juu ya mto, moyo mwepesi.

Nilifika uwanjani na roho mkononi. Watu wameshapanga magari, Geneva ameshaandaa sufuria ya maharage, Floyd anaonyesha pengo lake kwa kila anayetaka na asiyetaka. Nikaiweka bastola kwenye rafu na taulo juu. Sikukaa nayo hata dakika. Geneva ana pua ya mbwa wa polisi. Akasema, Nyoka, hapa kuna mtu amekuja na achari. Akafunua taulo.

Watu wakaanza kukusanyika, mikono mgongoni kama kanuni inavyotaka. Mmoja akasema lo. Mwingine akasema babu yake alikuwa na kitu kama hicho. Floyd akauliza nimeipata kwenye kaburi gani. Geneva akainama mpaka kofia ikagusa rafu, akasema, bastola hii umeipika au umeitia kwenye saladi? Lakini alisema kwa heshima. Kwa mara ya kwanza toka nijiunge, watu walisogea kutazama kitu changu. Nilikuwa naona fahari na kutamani kukimbia kwa wakati mmoja.

Harlan akaja wa mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniomba ruhusa kuishika. Nikaitikia kwa kichwa. Akahakikisha ni tupu, tundu moja moja. Akaipima kiganjani. Akavuta nyundo polepole na kusikiliza, sikio limeinama, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu ghorofani. Akairudisha nyundo. Akainusa bastola. Kisha kidole gumba chake kikapita juu ya mpini, kikarudi, kikapita tena.

Nilihesabu ni hatua ngapi mpaka gari langu, nikakumbuka goti.

Akauliza kama ningemruhusu afyatue raundi moja kwa hiyo yangu. Alisema hivyohivyo, "hiyo yako". Nikasema haya. Akajaza tano, nyundo juu ya tundu tupu, akaenda kwenye mstari. Sahani tano zikaanguka, moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote. Alipomaliza hakuondoka pale upesi. Alisimama anatazama vumbi.

Aliporudi akaniomba tubadilishane. Ati nimpe hii ya kahawia, yeye anipe yake inayong'aa. Akasema mbele ya watu wote hao. Nikajifanya nasita! Nilisema kazi yote ile, mapenzi yote yale. Geneva akaniambia usijitie ukaidi, wee Nyoka, mtu amekupa bastola mpya kwa mabaki ya meli. Basi nikakubali kwa unyonge, tukapeana mikono, na bastola yangu mwenyewe ikarudi mikononi mwangu bila neno moja la ukweli kutamkwa. Ninajivunia hilo.

Alipokuwa ananishika mkono Harlan akaongea taratibu, mimi peke yangu nisikie. Akasema Verna siku zote alimcheka. Ati anaibeba bastola kama yai. Ati kitu kisicho na mkwaruzo ni cha mtu asiyetoka nyumbani. "Angeipenda hii," akasema. "Asante, Delbert."

Delbert! Uwanjani! Kanuni ya pili inakataza jina la nyumbani, na faini yake ni kununulia wote kahawa. Mchungaji Kimya hajawahi kuvunja kanuni hata moja. Uzee huo. Lakini sikumshtaki, nina moyo. Na kubwa zaidi, hajui. Hajui kabisa! Nilisimama pale nikahisi mwili wote umevuliwa gunia la saruji.

Halafu uchaguzi. Harlan akasimama, na aliongea kuliko mwaka mzima uliopita. Akasema yeye haachi klabu, kama kuna aliyesikia hivyo. Akasema beji haitaki, beji apewe Mama Baruti, maana yeye ndiye anayeona kila kitu. Kisha akaleta hoja. Akasema bastola zetu nyingi ni za Kitaliano na zinafanana mno, na kuanzia sasa kila mtu afunge utepe wa rangi yake kwenye bastola kabla ya kuilaza mezani. Na kwamba mtu mmoja awekwe kuwa Mkuu wa Tepe, na mtu huyo awe Nyoka wa Nne, kwa sababu, akasema, hakuna katika klabu hii mwenye sababu kubwa kuliko yeye ya kulipenda jambo hili.

Wakapiga makofi wote. Geneva akacheka mpaka akashika meza, sijui kwa nini. Sikupata beji. Lakini Mkuu! Wa kitu!

Nimemweleza Noreen. Akauliza tepe za nini. Nimemwambia baadhi ya watu ni wazembe sana, wanaweza kuchukua bastola ya mwenzao wasijue. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimelala kama mtoto. Nimeamka nikala mayai matatu.

Baada ya kanisa Harlan alipita kuchukua ngazi yake. Aliichukua mwenyewe bila kuuliza nimeipandia nini. Ngazi yetu ilikuwa imesimama kando yake, akazitazama zote mbili, akagusa ukingo wa kofia. Barazani ameacha dumu la siki, jipya, mfuniko haujafunguliwa. Ati ni la Noreen, kwa ajili ya achari.

Nimelifikiria sana hilo dumu. Nimepata jibu. Matango ya Noreen yamesifika mpaka kwake.

Noreen alipoliona alicheka peke yake jikoni. Akasema Harlan ni mtu wa watu, na kwamba ningekuwa na akili ningempelekea pai. Nimesema kwani amenifanyia nini? Akasema basi.

Nimeivuta nyundo ya bastola yangu. Ngumu kama bawaba ya geti. Wiki moja tu mikononi mwa Harlan na tazama alivyoiharibu. Sitalalamika. Nimekwisha kumsamehe.

Jumanne, 15 Oktoba

Kazi ya Mkuu wa Tepe imeanza vizuri. Nimenunua tepe za rangi zote na nimekwenda kwa Geneva kuchukua bastola yake nipimie, maana yake ni ya Kitaliano vilevile, sawasawa na yangu, na fundi wake ndiye huyo huyo wa Tucson. Aliniuliza mara mbili kama nitaitunza. Alikuwa ameifunga kamba ya viatu kuitambulisha. Nimempa neno langu.

Nimeifungua hiyo kamba, haikupendeza. Yake nikaifunga utepe mwekundu, yangu wa buluu, nikazilaza zote mezani kwenye karakana. Kupendeza kwake!

Lakini moyo haujatulia. Tangu Jumamosi watu hawazungumzi kingine ila bastola ya Harlan. Floyd amenipigia simu kuisifu. Kuisifu kwangu! Ile kutu ni yangu. Yale makovu ni yangu. Yeye anatembea na jasho langu kiunoni, na mimi Mkuu wa Tepe nabaki na sufuria ya bibi harusi. Haiwezekani. Na siki ipo, Noreen ametumia nusu tu.

Nikazifungua tepe zote mbili, zisije zikachujisha rangi kwenye siki. Nikaenda kuleta trei ya bata mzinga. Noreen alikuwa ameificha nyuma ya mashine ya kufulia, ikanichukua muda. Niliporudi nikachukua yangu, nikaivuta nyundo mara moja kwa kuaga. Laini kama siagi. Siku tatu tu mikononi mwangu na imerudi hali yake. Mazoezi, nasema siku zote.

Geneva amepiga simu sasa hivi. Anataka kujua bastola yake iko salama. Nimemwambia ipo mezani mbele yangu, inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani, ila nyundo yake naona ni ngumu kidogo, angefanya mazoezi zaidi. Geneva haongei polepole kamwe. Safari hii akaniuliza polepole na yangu iko wapi, nikamwambia imo kwenye siki tangu saa nne.